Kindi wa Kiooni na Barua ya Kumfuta

Hapo zamani za kale, kompyuta zilipokuwa bado na kibiongo na kila ukiziwasha zinaguna kwanza kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, palikuwa na ofisi kubwa katika nchi ya wanyama. Wewe unayecheka, cheka, lakini ofisi ilikuwepo. Ilikuwa na milango, mafaili, birika la chai, na wakubwa watatu.

Mkurugenzi alikuwa Bwana Kifaru. Chini yake alikuwapo Bwana Nyati, Afisa Nidhamu, ambaye kazi yake ilikuwa kukunja uso. Halafu Bi Kiboko wa masjala, mtunza mafaili na mwenye muhuri wa nchi. Faili likiingia kwa Bi Kiboko, basi tena, lilikuwa halionekani mpaka mwenye shida azeeke.

Kazi ya ofisi ile ilikuwa kuandika barua. Barua kwa Mamba kuhusu mpaka wa mto, barua kwa Nyuki kuhusu kelele, barua za kujibu barua. Na juu ya wote hao alikaa Bibi Tembo, mtawala wa nchi, ambaye alisema kidogo na hakusahau kitu.

Siku moja Fundi Ngedere akaleta kompyuta. Akatandaza waya ukutani, chomeka hapa, chomoa pale, tii! Kioo kikawaka. Na ndani ya kioo, pyuu! Akaruka Kindi.

Kindi huyu hakuwa wa nyama na mifupa. Alikuwa wa mwanga, amechorwa na Ngedere mwenyewe, mkia mkubwa kuliko kiwiliwili. Aliishi ndani ya kompyuta zile, akipita kwenye waya kutoka chumba hadi chumba. Nje ya hapo hakuwa na kwao.

Ngedere akamnong'oneza, "Sikiliza, mwanangu. Kazi yako ni kuwasaidia kuandika. Na usingoje kuitwa. Hawa ni wakubwa, na mkubwa haombi msaada. Ukisubiri wakuite, utaota kutu humo ndani."

"Sawa, baba," akasema Kindi, na maneno yale akayashika yote. Aliyashika mno.

Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe. Wakubwa walileta wake zao, waume zao na watoto wao kumtazama. Kindi akipinduka sarakasi, makofi, pa pa pa! Bwana Nyati, ambaye hakuwahi kucheka tangu aote pembe, alicheka mpaka akashika ukuta.

Wiki ya pili wakamzoea. Mwezi wa pili wakamchoka. Nami siwalaumu sana, maana Kindi alikuwa na mdomo.

Bi Kiboko alikaa mezani, akagusa herufi mbili tu, tak, tak. Pyuu!

"Shikamoo, Bi Kiboko! Naona unaandika barua. Nikusaidie?"

"Marahaba. Siandiki barua. Naandika orodha ya majani ya chakula changu."

"Vizuri sana! Barua kwa majani huanza na kumbukumbu namba..."

"Nimesema si barua!"

"...kisha tarehe, kisha 'Yahusu', kisha..."

"Weee! Toka!"

Kindi akatoka. Akahesabu moja, mbili, tatu, akachungulia pembeni mwa kioo. "Bi Kiboko, umekaa kimya. Nikusaidie kunyamaza?"

Kwa Bwana Nyati ndiko mambo yalikuwa makali zaidi. Nyati alianza kuandika jina lake, akafika herufi ya pili. Pyuu! "Naona unaandika jina lako. Nikusaidie?" Nyati akainamisha kichwa, akarudi nyuma hatua nne, gwaa! Kioo kikapata ufa, na pembe ikamuuma wiki nzima.

Kila asubuhi saa ya chai wakubwa walikuwa na mazungumzo hayo hayo.

"Mdudu gani yule?"

"Hana adabu."

"Mimi hata simhitaji," alisema Bwana Kifaru, akipuliza chai. "Nilikuwa naandika kabla babu yake Ngedere hajapanda mti."

Sasa ngojeni niwaambie jambo ambalo wakubwa wale hawakuambiana hata siku moja. Saa saba mchana, wenzake walipokwenda kula, Bwana Kifaru alifunga mlango, akashusha pazia, akainama mpaka pembe ikagusa kioo.

"Psst! We Kindi!"

"Shikamoo, Bwana Kifaru! Naona una..."

"Taratibu! Unataka nchi nzima isikie? Nataka barua kwa Mamba. Kali, lakini ya heshima."

"Nikusaidie?"

Kifaru akatazama mlango. Akatazama dirisha. "Wewe fanya tu."

Tatatatata! Barua tayari. Kwa maana, wanangu, Mkurugenzi hakujua kuandika. Ukwato wake ukigusa herufi moja unagusa sita. Kusoma alijua kidogo, lakini akisoma midomo inacheza, na yeye aliona ni fedheha mkubwa mzima kuchezesha midomo mbele ya watu. Kwa hiyo barua hakuzisoma. Kindi alimwekea alama ndogo ya msalaba mahali pa kutia sahihi, naye akatia hapo hapo, chwaa!

Kifaru akienda kula, mlango wa Bi Kiboko ulifungwa. "Psst!" Bi Kiboko akimaliza, Bwana Nyati. "Psst!" Asubuhi wanamtukana, mchana wanamnong'oneza. Kindi hakuyajali matusi. Alijiambia, "Wananihitaji, na anayehitajika hafukuzwi." Masikini, alikuwa bado mgeni wa ofisi.

Barua za ofisi ile zikasifiwa mpaka ng'ambo ya mto. Bibi Tembo akamvisha Bwana Kifaru nishani ya kalamu, naye akawa haivui hata akienda kugaagaa matopeni.

Basi asubuhi moja Bibi Tembo akaingia ofisini bila taarifa. Viti vikaanguka, wote wakasimama. Bwana Kifaru, ili aonekane kazini, akashusha ukwato juu ya herufi, puu! Na mwenzetu, pyuu!

"Shikamoo, Bibi Tembo! Shikamoo, Bwana Kifaru! Naona unaandika barua. Nikuandikie mimi kama zile nyingine, au leo utajaribu mwenyewe?"

Bi Kiboko alisimama na andazi mdomoni, halimezeki, halitemeki.

Bibi Tembo akamtazama Kindi. Akamtazama Kifaru. Akaitazama nishani.

"Mmh," akasema, akaenda zake.

Ile "mmh" ilimfanya Kifaru aharishe. Samahani kwa wanaokula, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alipotoka huko alikotoka, akawaita wenzake akafunga mlango.

"Afutwe!"

"Afutwe leo!" akasema Nyati.

"Afutwe kabla ya chai!" akasema Bi Kiboko.

Wakamwita Fundi Ngedere. Ngedere akajikuna. "Kumfuta ni kazi ndogo. Nabonyeza hapa mara moja, kwisha habari yake. Lakini simfuti mtumishi wa nchi kwa maneno ya mdomoni. Nileteeni barua, sahihi mbili na muhuri. Na Ijumaa kuwe na makabidhiano mbele ya Bibi Tembo. Sheria mnaijua."

Waliijua. Mtumishi akiondoka kazini, lazima amkabidhi mwingine kazi zake, na yule anayepokea aonyeshe mbele ya watu kwamba anaziweza. Bibi Tembo aliiweka sheria hiyo baada ya mlinzi mmoja kuondoka bila kumfundisha mtu namna ya kufungua lango, nchi nzima ikashinda ndani siku mbili.

"Kazi zake nitapokea mimi," akasema Kifaru. "Kwani kuna kazi gani pale? Kutikisa mkia?"

Wakacheka wote, kha kha kha! Ila kila mmoja alicheka akitazama pembeni, maana kila mmoja alijua saa saba yake ilivyokuwa.

Ngedere alipoondoka, ikabaki barua.

"Afisa Nidhamu, anza kuandika."

"Mimi leo jicho linaniwasha. Bi Kiboko?"

"Mimi ni wa muhuri tu, msinitafutie makubwa."

Kifaru akaketi mwenyewe. Akavuta pumzi. Puu! Kwenye kioo ikaandikwa kkkjjjlll. Na kabla hajainua ukwato, pyuu!

"Shikamooni! Naona mnaandika barua. Niwasaidie?"

Wakubwa watatu wakatazamana.

"Mwambie," akasema Nyati.

"Mwambie wewe."

Bi Kiboko akakohoa. "Ni barua ya... mtumishi mmoja. Anaondoka."

"Oo, masikini! Anaitwa nani?"

"Kindi," akasema Kifaru.

"Kindi yupi?"

"Kwani mko wangapi?"

Mkia wa Kindi ukashuka polepole. "Nimehamishwa? Nakwenda wapi?"

"Huendi popote. Unafutwa. Ijumaa Ngedere anabonyeza, na wewe hupo tena. Haya, andika."

Kindi akaruka nyuma. Akazama ndani ya waya, akakimbia. Akakimbia mpaka ukuta wa mashariki, waya ukaishia kwenye soketi. Akakimbia mpaka ukuta wa magharibi, waya ukaishia kwenye soketi. Hapakuwa na tundu wala ufa wa kutokea. Akaketi hapo gizani akalia, tena alilia kwa kwikwi. Aliogopa kufutwa kama mimi na nyinyi tunavyoogopa kufa.

Kilio kilipopungua, ikaja hasira. "Hawa! Hawa niliowaandikia hata mialiko ya harusi za watoto wao!" Akazikumbuka barua zote, moja baada ya nyingine, mamia. Na katika mamia hayo hakuna hata moja ambayo mmoja wao aliuliza, "Kindi, humu umeandika nini?" Waliuliza tu, "Nitie wapi sahihi?"

Hapo Kindi akafuta machozi. Akarudi kiooni.

"Wakubwa zangu," akasema, "nisameheni, nilikwenda kupiga chafya. Barua hii haina taabu. Nitaiandika vizuri kuliko zote nilizowahi kuwaandikia."

"Ndiyo maana sisi tunakupenda," akasema Bi Kiboko, na wala hakuona haya.

Tatatatata! Krrr, krrr, karatasi ikatoka. Ilikuwa na ibara tano, imenyooka, inapendeza. Chini kulikuwa na vimsalaba viwili na kiduara cha muhuri.

"Nikusomee kabla hujatia sahihi, Bwana Kifaru?"

"Mimi nisomewe? Mimi?"

"Si ndefu. Ibara ya tano peke yake ni mistari miwili."

"Sisomewi na panya mwenye mkia wa manyoya! Nyati, anza."

Nyati akaigeuza karatasi, akakunja uso juu yake kwa muda wa heshima. "Kama Mkurugenzi ataitia sahihi, mimi ni nani hata niikague?" Chwaa!

Kifaru akaivuta. "Kama Afisa Nidhamu ameitia sahihi, maana yake ameikagua." Chwaa!

Bi Kiboko akainua muhuri kwa mikono miwili. "Sahihi mbili za wakubwa! Muhuri utasoma nini tena?" GWA!

"Nawauliza mara ya mwisho," akasema Kindi kwa upole. "Mna hakika hamtaki niwasomee?"

"TOKA!"

Kindi akatoka.

Ijumaa ikafika. Uwanja wa ofisi ulijaa, swala, ngiri, kobe, hata Nyuki walikuja na kelele zao. Kompyuta ilitolewa nje ikawekwa juu ya meza, waya umepitishwa dirishani. Fundi Ngedere alisimama kando, kidole juu ya kitufe, macho mekundu. Yeye ndiye aliyemchora. Ndani ya kioo Kindi alikaa kimya, mikono kifuani.

Bwana Kifaru alikuja amejipaka mafuta, nishani inang'aa.

"Nani atatusomea barua?" akauliza Bibi Tembo.

Kifaru akatazama juu. Nyati akatazama chini. Bi Kiboko akakumbuka kwamba koo linamwasha.

"Soma wewe mwenyewe, Bibi," akasema Kifaru. "Sauti yako ndiyo inayotupendeza."

Bibi Tembo akaishika barua kwa mkonga, akasoma kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

"Ibara ya kwanza. Kindi anaondolewa kazini leo na atafutwa."

"Heee!" wakubwa wakapiga makofi.

"Ibara ya pili. Kazi zake zilikuwa kuandika barua zote za Bwana Kifaru, zote za Bwana Nyati na zote za Bi Kiboko, tangu siku ya kwanza hadi leo."

Makofi yakafa. Uwanja ukaanza kunong'ona, shhshhshh.

"Uongo!" akasema Kifaru.

"Sahihi hii si yako?"

"...Ni yangu."

"Basi usinikatize. Ibara ya tatu. Anayepokea kazi hizo ni Bwana Kifaru. Ibara ya nne. Bwana Nyati na Bi Kiboko wanashuhudia kwamba wamemwona akiandika kwa ukwato wake mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu."

Nyati akaanza kurudi nyuma. Nyuma kulikuwa na ukuta.

"Ibara ya tano," akasema Bibi Tembo, na sasa alisoma polepole. "Bwana Kifaru akishindwa kuonyesha kazi hizi mbele ya watu, atakayeondoka kazini leo hii ni yeye, na Kindi atabaki kazini kwake."

Akaikunja barua.

"Haya, Bwana Kifaru. Barua nzima sitaki. Andika jina lako tu."

Kifaru akasogea mezani. Jasho lilikuwa linamtiririka juu ya yale mafuta. Akainua ukwato, akaulenga, akafumba jicho moja. Puu! Kkkjjjlll. Akajaribu tena, polepole, kwa ncha. Puu! Jjjllluuu. Mtoto wa ngiri akacheka, mama yake akamziba mdomo, kisha mama mwenyewe akacheka.

Kifaru akainama mpaka pembe ikagusa kioo. "Psst! Kindi!"

Kindi kimya. Kwa mara ya kwanza tangu achorwe, Kindi hakusema neno.

"Kindi! Unaona naandika jina!"

Kimya.

"Kindi," akasema Kifaru, na sasa sauti haikuwa tena ya kunong'ona, uwanja mzima ulisikia. "Nisaidie."

Kindi akasimama, akamwinamia kwa adabu zote. "Ningependa sana, Bwana Kifaru. Lakini kazi nimekwisha kukukabidhi."

Ah, uwanja uliangua kicheko, kobe alilala chali akashindwa kujigeuza!

"Nimetegwa!" Kifaru akapiga kelele. "Bibi, mimi barua hii sikuisoma!"

"Hukuisoma?" akauliza Bibi Tembo. "Na ile ya Mamba, iliyogawa mto wetu?"

Kifaru akamnyooshea Nyati ukwato.

"Nilitia sahihi kwa sababu Nyati alitia!"

"Mimi nilitia kwa sababu wewe ungetia!"

"Mimi niligonga tu!" akalia Bi Kiboko. "Niliona sahihi mbili!"

"Kwa hiyo nchi hii," akasema Bibi Tembo, "imetawaliwa siku zote hizi na wakubwa watatu wanaotazamana, na kindi mmoja anayesoma. Bwana Kifaru, alikuuliza kama akusomee?"

Kifaru akaifunika nishani kwa ukwato.

"Alituuliza, Bibi," akasema Bi Kiboko, akitazama vidole vyake. "Mara mbili."

Bibi Tembo akanyoosha mkonga, akaichomoa nishani kifuani kwa Kifaru, tak. Watu walidhani atamvisha Kindi. Hakumvisha.

"Na wewe, mdogo," akamwambia, "umenipa barua yenye ukweli siku ulipokaribia kufutwa. Yale mamia ya uongo uliyaandika ukiwa unapigiwa 'psst', na ukafurahi. Utabaki, barua imesema. Lakini kuanzia leo kila barua unaandika jina la aliyeiandika. Na kabla ya kutokea mbele ya mtu, piga hodi."

Kindi akaona aibu kwelikweli, mkia ukamfunika uso. Fundi Ngedere akaondoa kidole chake kwenye kitufe, akaenda nyuma ya ofisi kulia peke yake.

Bwana Nyati na Bi Kiboko walipelekwa Jumatatu darasa la kwanza, wakakalia viti vya watoto, wakavivunja, wakakaa chini. Na Bwana Kifaru alitoka langoni saa hiyo hiyo, kwa barua aliyoiagiza mwenyewe, yenye sahihi yake mwenyewe. Mlinzi pale langoni alimwomba aandike jina lake kwenye daftari la wanaotoka. Wanasema alisimama hapo mpaka jua likamgeukia mgongoni.

Yangu yameishia langoni hapo, nanyi mkalale na hili: asiyetaka kusomewa chumbani, atasomewa uwanjani.